Jiwe la Shabu

Lilikuwa jeupe kama barafu iliyokanyagwa,
limefungwa kwenye pindo la leso kuukuu.
Bi Somoe alinipa bila kunitazama usoni,
kama mtu anayelipa deni la marehemu.
"Ndoo, mwanangu. Lisage, ulitie kwenye mai ya vuguvugu,
ujioshe ndani masiku matatu. Itahama."

Itahama nini? Sikuwa nimemwambia kitu.
Labda aliisikia pale tunaposhonea kofia,
wanawake sita juu ya busati moja, Langoni,
nami nimebana magoti
kana kwamba nimeficha samaki wa wizi.

Ilianza baada ya Idi. Maji mepesi, ya kijivujivu,
na kila Twaha akishanikaribia usiku
shuka lilibaki na uvundo wa ng'onda.
Hakusema neno. Aliinuka akafungua dirisha.
Bora angesema.

Ndimu niliijaribu mwanzo. Niliuma mto.
Kisha siki, vijiko viwili kwa kikombe cha maji,
kwa sababu Rukiya aliapa kuwa dada yake wa Mambrui alipona.
Kisha punje ya kitunguu saumu niliyoifunga kwa uzi wa kudarizia,
ule uzi mzuri, wa kofia za maharusi,
nao ukakatika.
Nusu ya usiku, mguu mmoja juu ya ndoo,
naitafuta punje ndani ya mwili wangu mwenyewe,
nacheka huku nalia, mdomo nimeuziba kwa kanga.
Udi niliuchuchumalia. Nikanuka mara mbili:
udi juu, ng'onda chini.
Mtindi wa Witu ulinipoza kidogo;
uliobaki nikaunywa, na huko ndiko uliko­nifaa.

Lakini shabu ndiyo iliyonichana.
Siku ya pili nilikauka kama ngozi ya ngoma,
siku ya tatu nikaona damu.

Muuguzi anaitwa Kadzo. Miwani yake ina mkono mmoja,
mwingine ni kamba.
Alichovya kijiti cha karatasi, rangi ikageuka,
akakitazama kama atazamavyo mtu ugali kama umeiva.
Nilimuuliza lile lililokuwa likinila:
ni Twaha kaniletea?
"Sina mtu wa kukushtakia," akasema.
"Si lazima mtu atoke nje ndipo hii iingie."

Halafu akaniambia habari za wenyeji.
Kwamba mle ndani mna wenyewe, wadogo, jicho haliwaoni,
wanaishi kwa uchachu wao, kama maziwa lala,
na uchachu huo ndio komeo la mlango.
"Wamepungua, wageni wamejaa. Nawe ukaja na siki,
ukaja na moshi, ukaja na mawe.
Ulimpiga nani, mgeni au mwenyeji?"

Uke hujiosha. Nje, maji matupu yatosha.
Vidonge, asubuhi na usiku, siku saba,
uvimalize hata kama harufu itakufa siku ya tatu.
Ukiwa na mimba useme. Ukipata homa,
au maumivu chini ya kitovu, usipite jikoni, njoo hapa.
Na ikirudi, kwani hurudi,
usitafute dhambi uliyotenda. Rudi nawe.

Vidonge vilinitia ladha ya sarafu mdomoni wiki nzima.
Chai sarafu, mkate wa mofa sarafu.
Siku ya tano Twaha alilala dirisha limefungwa.

Nilimrudishia Bi Somoe jiwe lake.
Nilikuwa nimejipangia maneno, makali kiasi.
Yeye alilipokea, akalidondosha kwenye ndoo ya maji ya kisima,
maji ya mvua ya juzi, mekundu,
tukakaa tukiyatazama yakitakata,
tope likishuka polepole kama mtu anayeketi.
"Miaka arubaini," akasema, "mimi na hili."
Sikujua pa kuyaweka maneno yangu makali.
Akachukua sindano, akatunga uzi, ukakosa tundu,
akatunga tena.
Kisha, kwa sauti ya kuuliza bei ya nazi:

"Hicho kijiti cha karatasi.
Huuma?"